Sauti ya Baba Ndani ya Gemu

Chumba Namba Tatu,
Nyuma ya Kinyozi.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Fundi Nyasi,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo umepona, au bado unaukunja kwenye kiti kama ndoano? Sisi wazima. Mimi ndiyo usiseme, nyota yangu inang'aa! Lile gemu la mpira ulilolitengeneza upya limeingia kwenye kompyuta yangu bila kukwama, na tangu siku hiyo linakwenda kama maji. Wasomi wanahangaika nazo wiki nzima hizo modi, nyongeza za gemu. Mimi mtoro wa shule, chai haijapoa nimemaliza.

Ndugu yangu, unatisha. Wenye gemu lao walitupa viwanja vya dunia nzima, wewe ukaongeza uwanja wetu. Dimbwi la golini lipo. Beki wetu Kisiki ana kovu lake, na anakimbia vilevile, kama mtu aliyesahau ufunguo ndani. Halafu timu zinaingia, na marehemu baba, mtangazaji wa uwanja wetu, huyo kwenye kipaza sauti: "Wazazi, shikeni watoto, Kisiki anakuja!" Nililia, lakini kiume.

Mama amepata habari. Tangu tumzike baba hajaisikia sauti hiyo. Jumapili anakuja kusikiliza, na unavyomjua, amealika na mashoga zake wanne. Jana kapita hapa. "Baba yenu anaongea mengi humo?"

"Mama, hata umkatize hanyamazi."

Akacheka. Kisha akaniuliza kama avae lile gauni la buluu, alilokuwa akilipenda baba.

Kompyuta kwa sasa iko kwa fundi. Usishtuke, anaipangusa vumbi tu. Amesema isiwashwe hata kidogo, maana kila ikiwashwa kinazidi kupotea kitu. Mafundi hupenda kutisha watu. Mimi nimezunguka miji, nawajua. Ila tangu jana hapokei simu. Nimepita mlangoni pake mara tatu.

Hivi, nauliza tu: ile sauti, unayo nakala nyingine? Najua kompyuta yako iliibwa, na kanda ya baba uliyoitolea sauti hiyo ilishaoza. Lakini mjanja kama wewe hakosi akiba. Tafuta kwenye simu ya shemeji, kwenye kadi za zamani, hata kwenye droo za watoto. Dereva wa lori anayekuletea barua hii anarudi Jumamosi. Mpe jibu mkononi. Ningepiga simu, ila sauti yangu ingenisaliti.

Nisalimie shemeji, na mwanao wa kwanza, yule aliyerithi uzuri wangu. Mungu akutangulie kila uendako, na kilichokupotea akurudishie.

Wako akupendaye,
Kaka yako.

N.B. Uliniandikia kwa herufi kubwa: gemu likiomba kujisasisha, KATAA. Liliomba. Nikabonyeza kukubali, nikijifanya najua. Likafuta kila ulichoongeza. Nakala uliyoniambia niweke pembeni sikuiweka. Sina nyota wala bahati. Sauti ya baba nimeifuta mimi.