Mkono wa Kushoto wa Idi

Mbugangari, Gisenyi

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu wewe na mumeo na wote walioamka salama huko Ujiji. Kifua chako kimetulia? Mimi nipo, ila baridi ya huku imehamia magotini, na nikimaliza kushona kanzu moja sina tena nguvu ya kuanza ya pili. Miaka yote hii sijaizoea.

Barua yako imefika. Unataka nimrudishe mwanao Idi. Kabla sijakujibu, nikueleze yaliyotokea Jumapili.

Unajua anacheza basketi, mchezo wa mapadri: watu watano kila upande, na kikapu kisicho na kitako kimening'inizwa juu. Idi ndiye anayeupandisha mpira. Yeye mwenyewe hafungi sana. Kazi yake ni kuamua nani apewe, na lini. Nimemtazama sana kutoka kwenye kiti changu pembeni. Hampi mtu pale alipo, humpa pale anapokwenda, na macho yake huwa yanatazama kwingine kabisa. Lakini alikuwa na kasoro moja, na makarani wa Goma, wapinzani wetu, wakaigundua: hatoi mpira kwa mkono wa kushoto. Ukiwa kushoto, huuhamishia kulia kwanza, na hapo ndipo wanapompokonya.

Wewe na mimi tunajua mkono huo ulifungwa na nani. Tulimlea hivyo, mkubwa hapewi kitu kwa kushoto. Na katika timu yetu wote ni wakubwa zake. Nahodha, Rajabu dereva wa lori, angeweza kumzaa.

Mechi iliyotangulia makarani walipiga kelele, "Mumuzibe kuume tu! Kushoto yake iko ya chooni!" Walicheka hadi wauza samaki. Rajabu akamwambia mbele ya wote, "Bon, we Idi, mi sitaki heshima yako, nataka mpira. Jumapili wakikunyang'anya tena, unakaa."

Na Jumapili hiyo alikuwa anakuja bwana mmoja wa Bukavu, msimamizi wa gereji, kutafuta mtu wa kuipandishia timu yake mpira. Atakayempenda, atampa kazi ya ufundi na chumba.

Jumamosi Idi akaja kibarazani, akachuchumaa.

"Mjomba, nikimpa Kaka Rajabu kwa kushoto, nitakuwa nimekosa adabu?"

"Rajabu mwenyewe si amekuambia?"

"Nakuuliza wewe, mjomba."

Nilijua ninaulizwa nini. Nikimkataza, atakalishwa, bwana wa Bukavu atarudi bila yeye, nawe utampata mwanao. Nikimruhusu, huenda tukamkosa sote wawili. Nikaichomeka sindano kwenye kanzu.

"Mpira si chakula," nikamwambia. "Toa."

Mara ya kwanza alipotoa kwa kushoto, Rajabu hakuutegemea. Ukampiga kifuani, ukatoka nje. "Yewe!" watu wakacheka. Wazee wenzangu wa msikitini wakaguna, wakanitazama mimi. Idi naye akanitazama. Nikainama nikaangalia viatu vyangu, ili aamue bila mimi.

Niliposikia kelele, nikainua macho. Makarani wawili walikuwa wamemziba kulia, naye hakuhangaika nao. Aliuachilia kwa kushoto bila hata kugeuza kichwa, na safari hii Rajabu alikuwa ameshaanza kukimbia. Akaupokea, akafunga. "Tena, mwanangu!" akapaza sauti. "Nipe tena vile vile!" Akampa tena na tena.

Tulishindwa, kwa kidogo tu. Bwana wa Bukavu hata hakungoja mwisho, alinijia pale pale kitini.

"Muzee, huyu kijana iko wako?"

"Ni wa mdogo wangu."

"Mi nataka kumuchukua."

Meli ilikuwa ya Jumatano, Zaina, na barua ya kwenda kwako na kurudi ni majuma mengi. Nilisema ndiyo bila kukuuliza. Ameondoka na blanketi langu zito na shati jipya. Hili ndilo jibu langu, na hasira zako nitumie mimi, si yeye. Alikuwa akuandikie mwenyewe, akaogopa, akaniachia mimi. Nami naogopa vile vile.

Nisalimie shemeji yangu, baba yake Idi, umsomee haya taratibu. Nisalimie Bi Hadija, mkunga aliyempokea, na fundi Omari niliyeshona naye ujanani, kama macho yake bado yanaona tundu la sindano. Tafadhali andika upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi kaka yako, niliyechoka lakini nipo,
Salum