Jezi Namba Moja Ilirudi Kavu

KITUO CHA POLISI, GISENYI, WILAYA YA RUBAVU
Maelezo ya shahidi kuhusu kutoonekana kwa Igihozo, msichana wa miaka 15
Jumapili, 18 Juni 2023, saa 3:20 asubuhi

Jina: Adelina Kokushubira
Umri: Miaka 23
Kazi: Mwanafunzi wa chuo, niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika shirika linalowainua wasichana kwa michezo
Makazi: Nimepanga chumba Gisenyi, kwetu ni Kamachumu, Tanzania

Kwenye timu yetu ya mpira hatuiti majina. Mazoezi yakiisha, kila msichana anakunja jezi yake na kunikabidhi, nami naweka alama kwenye namba yake katika orodha. Jezi ishirini zikirudi, wasichana ishirini wamerudi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mpira wenyewe siujui, ila mwandiko wangu unasomeka.

Mnamo tarehe 17 Juni 2023, saa 2:40 asubuhi, Igihozo, golikipa wetu, alinifuata nyuma ya goli. Anaishi na bibi yake hapa Gisenyi. Mama yake yuko Goma, ng'ambo ya mpaka. Alisema, "Dada Adelina, mama iko mugonjwa. Mi naenda kumuona, narudi mbele bafunge mupaka," yaani kabla mpaka haujafungwa. Nilimwambia aombe ruhusa kwa kocha, Mwalimu Pascasie. Akasema, "Atakatala. We, kama ni mama yako, ungengoya?"

Tangu Februari sijamwona mama yangu, na siku nyingine namkumbuka mpaka chakula hakishuki. Tukiongea kwa simu, sauti inakatika kila akifika kwenye jambo la maana. Nilijifanya nahesabu mipira. Nilipoinua macho, Igihozo alikuwa barabarani katikati ya akina mama wanaovusha mboga.

Saa 5:00 mazoezi yaliisha. Larissa, beki, alinipa jezi mbili: yake, na namba moja ya Igihozo. Yake ilikuwa imelowa jasho. Namba moja ilikuwa kavu, imekunjwa vilevile nilivyoigawa asubuhi. Niliweka alama. Mwalimu Pascasie aliniuliza, "Bote iko?" Nikasema wote. Alitia sahihi kwenye orodha kwa kuniamini.

Saa 12:30 jioni bibi yake, Mukandayisenga, alikuja kumuulizia. Aliyeshikwa ni Mwalimu Pascasie, kwa kuwa sahihi ni yake.

Leo saa 1:10 asubuhi Igihozo alinipigia kwa namba ya Goma. "Dada, mama hawezi kuamuka. Bon, sirudi bado. Usiambie mutu." Nilimwahidi. Ahadi hiyo nimeivunja, maana Mwalimu Pascasie amelala hapa sakafuni kwa kosa langu na mimi nimelala kitandani. Yeye hakujua. Nilijua mimi. Namba nimempa afisa.

Najua shirika litanirudisha nyumbani. Nilitamani sana kurudi, lakini si hivi.

Mkimfuata Igihozo, naomba mumwache kwanza siku mbili tatu na mama yake.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni yangu.

Sahihi: A. Kokushubira

Maelezo ya afisa: Nimeandika kwa Kiswahili kwa ombi la shahidi. Pascasie ameachiwa saa 4:45. Namba ya Goma nimeipiga mbele ya shahidi. Aliyepokea ni Igihozo. Alisema mama yake amefariki saa 2:00 asubuhi, na kwamba alikuwa amemshika mkono. Shahidi alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliomba kumpigia mama yake simu. Nimemruhusu.

Afisa Narcisse Hakizimana