Meza ya Nne

S.L.P. 47,
Nkubu.
23 Agosti 2025.

Mpendwa Mjomba Mwongera,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na joto la Lodwar linakutendeaje? Je, Shangazi Wambeti amepona kifua? Sisi tuko wazima, ila baridi ya mwezi huu imezidi na ng'ombe amepunguza maziwa.

Nimemaliza kazi zote za likizo isipokuwa Biolojia. Nikifungua kitabu nasoma mstari mmoja, kisha nainuka kwenda kuchungulia kama Baba amefika. Mama ananiambia nikae chini, na yeye mwenyewe hakai.

Sikutaka kupiga simu kwa sababu hapa nyumbani kila mtu husikiliza. Bwana Bundi anakuja huko kesho na lori la viazi, na ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Mjomba, Baba yuko katika mafunzo ya usimamizi kule kwenye kiwanda cha kokwa za makadamia. Wako wawili, yeye na Mukiri. Atakayefuzu Ijumaa ijayo atasimamia chumba cha kuchambua. Mwingine atarudi kubeba magunia, nawe unaujua mgongo wa Baba.

Mkufunzi wao, Bwana Kaberia, anawafundisha wasianze kwa kuuliza nani ni mzembe, bali waulize kazi imekwama wapi. Kila saa wanapima kilo zilizotoka kwa kila meza na kuandika kwenye jedwali, kisha wanazungumza na wachambuaji. Baba aliyapenda mafunzo hayo mno. Alianza hata kupima muda ninaotumia kuosha vyombo.

Shida ni meza ya nne. Hapo ndipo anapochambua Nyanya Celina, mama yako. Unajua Baba alivyolelewa kwao Kiambere: mwanamume hamsogelei mama mkwe wake ovyo, sembuse kusimama nyuma yake na saa mkononi. Basi kila saa alikuwa akiruka meza hiyo, na jioni anaijazia kilo zile zile za meza ya tatu. Baba alipomwomba Mama ampelekee Nyanya maswali yake, alisema amechoka kusimama katikati ya mumewe na mama yake.

Jumatano nilimpelekea Nyanya miwani aliyoisahau kwetu. Mlinzi alinipa kofia ya nywele na kuniruhusu kusimama mlangoni. Bwana Kaberia alikuwa ameshika jedwali la Baba.

"Nthiga, hii meza ya nne na ya tatu ni mapacha?"

Watu walicheka. Baba alitazama viatu vyake. Bwana Kaberia alipima mwenyewe, akakuta meza ya nne imetoa nusu tu ya kilo zilizoandikwa. Hakupandisha sauti. Alisema msimamizi anayekisia hawezi kupendekezwa, na kwamba pengine yule mama mzee ahamishiwe kufunga katoni. Katoni, Mjomba, na magoti yale!

Hapo Nyanya akaweka chini kokwa alizoshika. Hakumtazama Baba. Aliigeukia mashine ya kuvunja maganda, akaisemesha kama mtu anayemkanya mjukuu.

"Wewe mashine, chekeche lako limepinda. Tangu Pasaka maganda yote unaniletea mimi, halafu wanasema nimezeeka."

Baba naye aliitazama mashine ile ile.

"Mashine imesikia. Inauliza kwa nini haikuambiwa mapema."

"Iambiwe haikuja kuuliza."

Gatwiri wa meza ya pili akasema kuanzia kesho na yeye ataongea na mashine, huenda ikamjibu kuliko mume wake. Hata Bwana Kaberia alicheka. Lakini aliinama akatazama chini ya mashine, na kweli, chekeche lilikuwa limepinda upande mmoja.

Limenyooshwa. Tangu Alhamisi Baba anasimama hatua tatu kutoka meza ya nne, anauliza maswali yake kwa mashine, na Nyanya anaijibu mashine. Jana meza hiyo iliipita ya pili. Hata hivyo Bwana Kaberia hajasema kama ameyasamehe yale makisio. Amesema tu ataangalia majedwali ya wiki nzima. Mukiri hajawahi kukisia.

Nyanya anajilaumu. Ameniambia Baba akikosa nafasi hiyo, ataacha kazi, kwa kuwa ni meza yake iliyomharibia mkwe wake. Nilimweleza kuwa si kosa lake, akaniambia nikasome.

Sasa ombi langu. Majibu yatatoka Ijumaa saa kumi. Nyanya hufanya kazi nusu siku Ijumaa, kwa hiyo atakuwa kwake peke yake akisubiri. Baba hatampigia, afuzu asifuzu. Mama amekwisha kukataa. Mimi nitakuwa bwenini kuanzia Jumatatu. Tafadhali mpigie Baba kwanza, kisha umpigie Nyanya, umweleze ilivyokuwa bila kuficha. Na ikiwa ni Mukiri aliyechaguliwa, mwambie Nyanya kwamba Baba ndiye anayemwomba asiache kazi. Nilimuuliza Baba jana kama naweza kuandika hivyo. Akasema, "Andika."

Nisalimie Shangazi Wambeti, Kinyua na mtoto mdogo ambaye sijamwona. Mungu awalinde nyote huko, na Ijumaa akupe mtandao.

Mpwa wako akupendaye daima,
Winrose Ruguru