Ngozi Nyeupe Niliyouza kwa Jina Lako

Mama,

Jasiri, mbwa wa Mwalimu Mbawala, amekufa. Mimi ndiye niliyemuua. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu sitalifikia.

Tangu tukulaze kaburini kule Njombe simu yako ninayo mimi. Wateja wanaipiga na kusema "Mama Upendo," halafu wanakumbuka, wanaguna, wanaomba radhi. Mwanzoni nililia kila ilipoita. Baadaye nikazoea kusema, "Mama hayupo, ila ngozi zipo." Nilikuwa nazo kweli, zile za kutafunwa na mbwa ulizoziacha zimekauka kwenye nyaya nyuma ya nyumba, ukizigonga zinalia kama ubao. Zikaisha mwezi wa tatu, na masika yakaja.

Mama, mvua ya mwaka huu hapa Kinyerezi haikuwa mvua ya kawaida. Nilikwenda machinjioni alfajiri kama ulivyonifundisha, nikachukua ngozi mbichi kabla hawajazitia chumvi. Nikazimwagia maji ya moto, nikaparua manyoya na mafuta mpaka vidole vikavimba. Nikazikata mapande marefu, mapana kuliko kiganja. Nikazianika. Siku ya nne zikaanza kuteleza, siku ya sita zikanuka. Nilizifukia zote. Nikaanika nyingine, nazo zikaoza. Nikakaa kwenye kigoda chako nikakukasirikia wewe, eti umekufa vibaya, umekufa kabla ya masika.

Simu haikukoma. Ndipo nikaenda mjini, nikakuta duka lenye ngozi za kutafunwa na mbwa, zilizosokotwa na kufungwa fundo huku na huku, nyeupe kama chaki, zimepangwa vizuri kwenye mifuko. Nilizinusa. Zilinukia dawa, kama sakafu iliyopigwa deki. Wewe ungezirudisha palepale. Ulikuwaga unasema ngozi ya ng'ombe haizaliwi nyeupe, aliyeifanya nyeupe aulizwe kaifanya kwa nini. Na fundo ulilichukia kabisa. Nakumbuka yule baba wa Tabata aliyetaka zilizofungwa fundo kwa sababu zinapendeza, ukamwambia, "Kaka, fundo ndilo linalong'oka zima na kwenda kukaa kooni. Mbwa hana mkono wa kulitoa." Halafu ukamuuliza mbwa wake ana umri gani, ana meno mangapi, anatafuna au anameza. Alipokujibu kwamba anameza tu, ulikataa kumuuzia. "Huyo wako mpe karoti." Alicheka mpaka getini, akidhani unamtania.

Yote hayo niliyakumbuka pale dukani, Mama. Sikusahau hata moja. Nilinunua huku nakumbuka.

Mwalimu Mbawala macho yake yamezidi kufifia. Ulipoondoka alikuwa bado anaona sura ya mtu akiwa karibu, sasa anaona kivuli tu. Jasiri ndiye aliyekuwa anamtoa nyumbani kwake Segerea, anatangulia na kamba, anasimama penye mtaro, wanakwenda kanisani asubuhi na kurudi. Hakuna aliyemfundisha mbwa yule. Alijifunza mwenyewe kwa kumpenda mzee.

Nilipompelekea ile ngozi aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa. Vidole vyake vikasimama kwenye fundo. Akaniuliza, "Upendo, hii ni ileile ya mama yako?"

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Mama, angekuwa anaona asingeuliza. Nilimdanganya mtu kwa sababu haoni.

Siku ya tatu alipiga simu yako. Jasiri hali chakula, anatapika, tumbo limekuwa gumu. Nilikwenda na bajaji tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mimi nimempakata, Mwalimu ameshika mguu mmoja wa nyuma njia nzima. Daktari alimpapasa akasema kuna kitu kimeziba, lazima apasuliwe. Alimpasua. Hakuamka tena. Aliniita ndani akanionyesha kwenye beseni fundo lenyewe, limelowa na kuvimba, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akasema hizi zikimezwa haziyeyuki kama nyama, zinanyonya maji na kukaa palepale.

Nje kwenye benchi Mwalimu alikuwa bado ameishika ile kamba. Daktari akamweleza kwamba ni kipande cha ngozi. Unajua alisema nini? Alisema, "Basi kosa ni langu. Mama Upendo aliniambia siku zote nisimwache nayo peke yake, ikibaki ndogo nimnyang'anye. Mimi nililala." Akanigeukia, si usoni hasa, pembeni kidogo ya uso. "Usijilaumu, mwanangu. Nyumba yenu haijawahi kutoa kitu kibaya."

Nikamshika mkono, tukaondoka na Jasiri.

Tulimzika Jasiri nyuma ya jiko la Mwalimu. Nilichimba mwenyewe. Nilifikiri nikichimba vizuri, nikafukia vizuri, itanitosha. Kwa wiki nzima nilijiambia kwamba ukweli utamwumiza mzee bure, kwamba mbwa hatarudi. Siku ya Jumapili akapiga. Alitaka kunijulisha kwamba ametoa nia ya misa kwa ajili yako, na amekuomba msamaha huko uliko kwa kutofuata maneno yako.

Nilikata simu bila kuaga, Mama. Nikatembea kutoka hapa mpaka Segerea, sikumbuki njia.

Nilimkuta uani anaanua nguo kwa kupapasa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: mvua, duka, fundo, "Ndiyo, Mwalimu." Hakunikatiza. Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo, akaliweka kwenye beseni. Kisha akauliza, "Wangapi wengine wanazo?" Nikasema nyumba saba. "Sasa umesimama kwangu unafanya nini?"

Ni hayo tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilizunguka siku mbili. Kwa dereva wa lori, mbwa alikuwa ameshaimaliza na hajadhurika, nikamwachia maelezo: akitapika, akigoma kula, asingoje kesho. Nyumba nne zilikuwa bado hazijafungua mifuko. Kwa yule nesi wa karibu na mitambo ya gesi, nilikuta kitoto cha mbwa kimekumbatia kipande sebuleni, fundo limebaki kwa uzi tu. Niliingiza vidole mdomoni mwake kama ulivyonionyesha, nikakitoa kipande, kitoto kikaning'ata. Yule mama alinifukuza, akasema atawaambia majirani wote kwamba siku hizi kwa Mama Upendo ni matapeli. Amewaambia. Simu yako imepunguza kuita. Nyumba ya saba wamehama, hakuna anayejua wamekwenda wapi. Hiyo ndiyo inayonikosesha raha hata sasa ninavyoandika. Nimeacha namba kwa mwenye nyumba, kwa mangi wa duka, kwa mjumbe wa mtaa. Ngozi nyeupe zilizobaki nimezikata vipande kwa panga na kuzitupa chooni.

Jana asubuhi nilimwona Mwalimu. Alikuwa peke yake kando ya barabara na fimbo mpya ambayo bado hajaizoea, anasikiliza bodaboda zipungue. Watu walimpita. Nilisimama nyuma yake muda mrefu, nikiogopa. Mwishowe nikasogea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aligeuza kichwa kidogo. Najua aliijua sauti. Kisha akasema, "Marahaba," polepole, kama mtu anayelipima neno kabla ya kulitoa. Akanyoosha kiwiko. Nikakishika, tukavuka. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana, Mama, amekonda. Upande wa pili akauchukua mkono wake akaendelea na fimbo, akigonga ukuta wa nyumba ya watu, bila kuniaga. Nami sikumfuata.

Jua limerudi sasa. Sijui kama nitaanika tena kwa jina lako, ama kama ninayo haki hiyo. Ninachokuahidi ni hiki: sitamkabidhi mtu kitu chochote kabla sijamwambia kimetoka wapi, hata kama hajauliza, hata kama ataondoka bila kununua. Na nyumba ile ya saba nitaendelea kuitafuta.

Lala, Mama. Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa pale barabarani. Akikinyoosha kiwiko nitamvusha. Asipokinyoosha, nitasimama hapo hapo mpaka nimwone amefika upande wa pili.

Mwanao,
Upendo