Floti Zilizozama kwa Bwana Gurdial

Bondeni, Nakuru

Mama Simiyu,

Kabla hujasoma, tazama gundi ya bahasha. Nimeibandika mwenyewe na kupitisha kidole mara mbili. Kama imeguswa njiani, nataka kujua.

Sasa, hujambo? Watoto hawajambo? Kikohozi cha Simiyu kimeisha ama bado kinakukesheza? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na leo nitakueleza yote.

Unajua kazi yangu hapa karakanani ni kabureta. Pikipiki zinazoletwa kwetu ni kuukuu, za wakati wa mkoloni. Ndani ya kabureta ya kila moja mna kikombe, na humo mna floti ya kizibo, kama kile cha chupa, imepakwa vanishi isinywe petroli. Ikielea vizuri, petroli ikitosha inajifunga yenyewe. Ikizama, petroli inafurika, injini inazima, na mwenye pikipiki anarudi kunitukana.

Basi tangu petroli iwe adimu, floti zangu zinazama. Natoa, naanika juani, napaka vanishi ninayonunua kwa Mzee Athumani, seremala jirani yetu, narudisha. Wiki haiishi, mteja wetu mmoja, daktari wa mifugo, huyo anasukuma pikipiki kutoka barabara ya Njoro, suruali imelowa petroli. "Fundi, unataka kuniua! Hii ni floti ama sponji?" Bwana Gurdial, mwenye karakana, akasema mbele yetu, "Ikirudi tena, mmoja wenu anaenda nyumbani."

Mmoja wetu! Na tuko wawili tu, mimi na Kariuki. Si unanijua nikianza kushuku? Kariuki ndiye huosha kabureta. Nikaanza kumchungulia. Akiongea na mteja, nasogea. Akishika mfuko wake, namtazama mkono. Nikajiambia huyu anaiba floti zangu nzuri na kuniwekea mbovu. Nikachora alama kwa msumari chini ya kila floti, nisimwambie mtu.

Pikipiki ya daktari iliporudi, nikafungua kabureta mbele ya watu wote. Alama ipo. Floti ni ileile yangu, ila vanishi imetoka yote. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapaza sauti, "Basi anaikwangua akiosha!" Kariuki akanitazama, akasema polepole, "Wafula, tumekula sahani moja miaka minne." Bwana Gurdial akamwambia achukue nguo zake. Aliondoka siku hiyohiyo, na mke wake ni mjamzito.

Na floti zikaendelea kuzama. Kariuki hayupo, na zinazama!

Juzi nikaenda kuchukua vanishi, nikamkuta Mzee Athumani akiitengeneza. Anatia vipande vikavu vya kahawia ndani ya mkebe, anamwagia spiriti, vinayeyuka. Nikamuuliza, "Kumbe ni spiriti inayoviyeyusha?"

"Na wewe unapaka hii kila siku hujui? Petroli haiifanyi kitu. Lakini spiriti ikiigusa, kwisha."

Nikainusa ule mkebe. Haki ya Mungu! Ni harufu ya pipa letu la petroli, lile tunalowauzia wateja humohumo karakanani siku hizi za shida.

Nikachukua chupa ya soda, nikatia maji kidogo, nikafunga uzi pale maji yalipoishia. Nikajaza petroli ya pipa, nikatikisa, nikaacha itulie. Ingekuwa petroli safi, maji yangebaki kwenye uzi. Yalipanda vidole viwili. Spiriti yote ilikuwa imehamia kwenye maji. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka iwe kweli.

Sikutaka, kwa kuwa pipa hilo analileta kaka yako Barasa. Ni mimi niliyempeleka kwa Bwana Gurdial, nikaapa kwamba huyu ni shemeji yangu na ni mwaminifu.

Nikamfuata nyumbani kwake, mtaa wa Section 58. Hata hakukana. Alicheka! "Kila mtu anachanganya siku hizi, shemeji. Na dada anajua. Nilimwambia alipokuja Pasaka. Akasema hata ukigundua utanyamaza, huwezi kumuuza shemeji yako."

Mama Simiyu, Pasaka ulilala kwangu siku tatu. Uliniuliza kwa nini sipati usingizi, nikakueleza habari za floti, nikakueleza ninavyomshuku Kariuki. Ukageuza chapati ukasema, "Huyo hata mimi simwamini."

Pengine Barasa anadanganya. Naomba iwe anadanganya. Lakini tangu juzi nayasikia maneno hayo ya chapati, na yananiuma kuliko kazi.

Leo asubuhi nimemwonyesha Bwana Gurdial ile chupa na kumtajia mwenye pipa. Kariuki anarudi Jumatatu. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, hakunipa kiti, nami sikustahili. Mimi nimeambiwa nimalize mwezi, niende.

Msalimie mama yangu, umwambie aendelee kuukanda mguu. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetuangalizia ng'ombe. Mama yako nampa heshima yake kwa mbali, kama desturi ya mkwe. Haya ya mwanawe asiyasikie bado. Watoto waambie baba anakuja.

Nawe usinijibu kwa barua. Kalamu ina muda wa kufikiri. Nitashuka stendi mwisho wa mwezi, na kabla sijaweka mzigo chini nitakuuliza nikikutazama usoni kama ulijua, siku ile ya chapati, kwamba Kariuki hana kosa.

Ni mimi mume wako,
Wafula