Kikao cha Kamati ya Shule Kuhusu Madawati Tuliyoazima

Siku: Jumamosi asubuhi
Mahali: Darasa la kwanza, sakafuni
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Fundi Cherehani, Bibi wa Mapacha, Mwalimu Mkuu (Katibu)
Hakuhudhuria: Muuza Maziwa, kwa udhuru wa ugonjwa, ingawa alionekana dirishani akipita na baiskeli, mzima kabisa

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kulalamikia mgongo. Bibi wa Mapacha alimkumbusha kwamba wajukuu zake hukaa hapo hapo kutwa, wakiandikia magotini.

KUMB. NA. 2/ MGAO WA MADAWATI
Katibu alieleza kwamba Wizara imegawa madawati mapya na shule yetu haikupata hata moja, kwa kuwa ofisa aliyekagua aliridhika na madawati aliyoyakuta hapa. Kikao kilikumbuka kwamba siku ile tuliazima madawati ya shule jirani, iliyo kando ya lami, ili mgeni asituone watu wa hovyo. Kabla hatujayarudisha, ofisa akaenda huko, akakuta watoto wamekaa chini, akasikitika sana. Mgao wote umekwenda kwao.

Fundi Cherehani aliuliza wazo lile lilikuwa la nani. Mwenyekiti alijibu kwamba lilikuwa la kamati.

"Basi kamati siku ile ilikuwa na kitambi na kofia mpya," alisema Fundi Cherehani.

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yafutwe. Katibu hakuwa na kifutio.

Bibi wa Mapacha alisema mjukuu wake mmoja amegoma kuja shule. "Ananiambia, Bibi, nyumbani angalau kuna kigoda. Nimjibu nini, mzee mwenzangu?"

Mwenyekiti alivua kofia, akasema, "Hapo nimekosa, mama." Kikao kilipokea.

KUMB. NA. 3/ OMBI LA SHULE JIRANI
Shule jirani imeomba tuihifadhie madawati ya ziada, maana hayana pa kukaa na yananyeshewa. Mwenyekiti alitaka kukataa kwa hasira. Bibi wa Mapacha alimkata kauli.

Iliazimiwa kwamba madawati yahifadhiwe darasa la kwanza, yapangwe yakitazama ubao, na watoto wayalinde kwa kuyakalia hadi kengele ya mwisho. Ukomo wa ulinzi haukujadiliwa.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa sita mchana, Mwenyekiti akainuliwa na wajumbe wawili. Bibi wa Mapacha hakungoja. Aliwahi nyumbani kumwambia mjukuu kwamba Jumatatu aje shule, na kigoda akiache.

Sahihi:
Mwenyekiti ....................
Katibu ....................