Fomu Arobaini za Bastola Mpya

Ghala la Silaha,
Nyumba za Mafundi, Chumba Na. 6.
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mama Mdogo hajambo? Sisi huku hatujambo, ila mama bado anakohoa asubuhi na hataki kusikia habari za daktari. Mimi afya ninayo, na hasira ninayo pia, kwa hiyo nivumilie.

Uliniuliza bastola ipi ni bora, ya jeshi au hii mpya ya polisi, halafu ukajijibu mwenyewe kwamba ya polisi ni plastiki, kitu cha kuchezea watoto. Baba Mdogo, jeshi umestaafu lakini ubishi hujastaafu! Mimi ndiye ninayezifungua na kuzikagua kila siku, basi leo utanisikiliza.

Ile uliyoibeba wewe ilikuwa chuma kitupu, na polisi waliitumia mpaka mwaka jana. Ina nyundo nyuma unayoiona kwa macho, ina kitufe cha usalama penye dole gumba, na risasi ya kwanza lazima uvute triga kwa nguvu kweli. Hii mpya haina nyundo ya kuonekana wala kitufe. Usalama wake uko ndani, na mwingine uko kwenye triga yenyewe. Ni nyepesi, inabeba risasi kumi na saba badala ya nane, na chini ya mtutu ina reli ya kufungia tochi.

Jeshi nalo limebadilisha, na usinune: yao pia ni plastiki siku hizi. Ila wao wametaka kitufe kibaki, pamoja na pete ya kufungia kamba. Wana haki. Silaha ya mwanajeshi ni bunduki. Bastola inakaa kiunoni wiki nzima huku yeye anatambaa na kuruka kutoka kwenye magari. Polisi wa mtaani hana kingine, na ikimbidi kuitoa hana nafasi ya kutafuta kitufe. Kila moja imetengenezewa kazi yake, basi.

Lakini anayehama kutoka moja kwenda nyingine lazima afundishwe upya, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Ile ya zamani ukitaka kuisafisha unavuta sehemu ya juu nyuma, inakwama hapo, chemba, pale risasi inapokaa, unaiona wazi. Triga huigusi. Hii mpya haifunguki mpaka uvute triga kwanza, kwa hiyo lazima uwe na hakika kwamba haina kitu. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, polisi mmoja tunayemwita Twiga kwa urefu wake alikaa mbele ya meza yangu kusafisha yake. Akavuta sehemu ya juu kwanza, ndipo akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi. Akawa amegeuza mpangilio, na risasi moja ilikuwa tayari imeingia kwenye chemba. Akavuta triga. Amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Kosa hilo hilo kwa ile ya zamani, risasi ingeruka mezani, tungemcheka, yakaisha.

Nilimfuata hospitali. Akaniambia, "Fundi, mkono umefuata mazoea. Miaka tisa nimeshika ile nyingine."

Sasa wakubwa wanataka ionekane ni uzembe wake, afukuzwe kazi. Mkuu wa kituo chetu ameniletea ripoti iliyokwisha kuandikwa. "Wewe tia saini tu mambo yaishe, usijitafutie balaa."

Nikuambie nisilomwambia hata mama. Bastola zilipofika, kila polisi alitakiwa kupata mafunzo ya siku tatu. Walipata asubuhi moja, na nusu yake ilikuwa hotuba ya Mkuu. Kisha zikaletwa mezani kwangu fomu arobaini zinazosema siku tatu, nami nikazitia saini zote huku nakunywa chai. Ya Twiga imo. Naona aibu, Baba Mdogo, aibu ya kunikosesha chakula.

Basi hii ya arobaini na moja sitii saini. Nimeandika ripoti yangu mwenyewe, kurasa mbili, na Alhamisi nitaisoma mbele ya kamati yao ya uchunguzi nikiwa nimesimama. Mkuu amesema atanihamishia stoo ya matairi. Nimemjibu kwamba matairi nayo yanahitaji mtu mkweli. Usihangaike kuniandikia ninyamaze, maana barua yako itafika nimeshasema.

Pale fomu ya ripoti inapouliza nani anahusika na ajali, sikumwandika Twiga. Nimeandika cheo cha Mkuu, na chini yake nimeandika jina langu kamili.

Msalimie sana Mama Mdogo, na wale pacha, na binamu yangu mkubwa mwambie shemeji yetu, yule mchumba wake wa huku, anamsubiri kwa hamu. Mama anakusalimu. Mungu akupe nguvu na umri mrefu, na mimi aninyime woga mpaka nimalize ukurasa wa pili.

Ni mimi nikupendaye,
fundi wa silaha mpaka Alhamisi, na mwanao siku zote.